Mwanangu anamchoma mdoli sindano kila siku na kumfokea. Nimzuie?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume, ana miaka 6, ana saratani ya damu. Tumetoka Kahama, huu ni mwezi wa tatu tuko Dar es Salaam kwa matibabu. Pale wodini kuna chumba cha michezo, na dada mmoja huwapa watoto midoli na mabomba ya sindano yasiyo na sindano. Wenzake wanachora, wanajenga nyumba. Wangu kila siku anamchukua mdoli yule yule, anamlaza, anamkandamiza kwa goti, anamchoma mkononi huku anamfokea: "Nyamaza! Ukilia nakuongeza nyingine!" Juzi kampiga na kibao. Wamama wenzangu wakanitazama, nikaona aibu. Naogopa tunamfundisha ukatili. Na baba yake akipiga simu anasema nimepeleka mtoto kutibiwa, sikumpeleka kucheza. Je, nimzuie? Hiyo tiba ya michezo inatibu nini hasa? Na tukipewa ruhusa ya kurudi nyumbani, kule hakuna midoli wala mtaalamu, nitafanyaje? – Mama Baraka

JIBU: Marahaba, Mama Baraka, na pole sana kwa kuuguza. Nirekebishe jambo moja kwanza: mimi si daktari. Nimesomea saikolojia ya watoto, na kwa miaka 12 kazi yangu imekuwa kukaa sakafuni na watoto wanaougua muda mrefu. Dawa siandiki. Watoto wa wodi yangu ya kwanza waliniita Dada Midoli, na cheo hicho sijawahi kukikataa.

Usimzuie.

Najua jibu hilo ni gumu kulimeza ukiwa umekaa kwenye mkeka na wamama sita wanakuangalia, kwa hiyo tuliangalie alichokifanya Baraka hatua kwa hatua. Alimlaza mdoli. Akamkandamiza. Akamchoma mkononi, hakumchoma tumboni wala usoni. Akamkataza kulia. Mama, hayo hakuyabuni. Hayo ndiyo yaliyompata yeye, yamepangwa kwa utaratibu ule ule, tofauti ni moja tu: safari hii bomba liko mkononi mwake. Kitandani yeye ndiye anayelazwa na kushikwa. Hakuulizwa kama anataka kuja Dar, hakuulizwa mkono upi, wala hawezi kusema "leo hapana". Mtu mzima akipitia jambo la namna hiyo atalisimulia kwa jirani, kwa dada yake, kwa abiria asiyemjua ndani ya basi, mpaka lipungue uzito. Mtoto wa miaka 6 hana maneno ya kusimulia hivyo. Ana mdoli.

Na ile sauti, "ukilia nakuongeza nyingine", ni ya nani? Sikuulizi ili nikulaumu. Huenda aliisikia kwa mhudumu aliyechoka, huenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Lakini wengi wetu tumelelewa na tumelea kwa kitisho hicho hicho: "Nyamaza, nitamwita daktari akudunge!" Kwa mtoto asiyeumwa kitisho hicho hupita kama upepo. Kwa mtoto ambaye kweli anadungwa kila wiki, kinaacha mzigo. Watoto wa umri wake, kati ya miaka 3 na 7 hivi, hupenda kuunganisha mambo kwa namna yao: nililia, nikachomwa, nilimpiga mdogo wangu, nikaumwa. Wengi huamini ugonjwa ni adhabu, na hawasemi, kwa sababu nani anapenda kutangaza kosa lake? Kwa hiyo kama nyumbani kwenu sindano imewahi kutumika kutishia, iache leo. Na siku mkiwa mmetulia mwambie kwa maneno mepesi: "Hukuumwa kwa sababu ya kosa. Wewe hukufanya kitu, wala mimi, wala baba. Sindano ni ya dawa." Usitegemee atakujibu. Rudia baada ya siku chache.

Sasa, mchezo wa kurudiarudia unatisha kwa macho ya mkubwa, na wazazi huniuliza "amerudia mara ngapi ndiyo tuanze kuogopa?" Mimi sihesabu mara. Naangalia kama kuna kinachobadilika. Niliwahi kukaa na binti wa miaka 5 aliyeondolewa jicho moja kwa saratani ya jicho. Alimfunga mdoli wake bandeji kwenye jicho kila asubuhi, kwa wiki nyingi, hakuzungumza na mtu. Siku moja akafunga bandeji, akamtafutia mdoli kioo. Siku nyingine akampa miwani ya waya. Baadaye mdoli akaenda sokoni na kununua nyanya, jicho likiwa limefungwa vile vile, na wauza nyanya hawakushangaa. Ukiangalia kwa mbali ungeona mtoto anafanya jambo lile lile kila siku. Kwa karibu, hadithi ilikuwa inatembea.

Kwa Baraka, angalia vitu vidogo. Je, mdoli amepata jina? Baada ya kuchomwa anabandikwa plasta? Kuna mtu anakuja kumwambia pole, au analala peke yake? Je, sauti ya Baraka inashuka kidogo kuliko wiki iliyopita? Hizo ni dalili njema, hata kama kibao bado kipo. Kinyume chake, kama mwezi unapita na mchezo uko vile vile neno kwa neno, anaumaliza akiwa amekakamaa na kuhema kuliko alivyouanza, usiku anaweweseka, au ameanza kujichoma yeye mwenyewe au kuwaumiza watoto wenzake, hapo mtafute yule dada wa chumba cha michezo au afisa ustawi wa jamii wa wodi umweleze bila kuficha. Na mpaka mmoja uwekwe tangu leo, kwa upole na bila hotuba: mdoli anaweza kupigwa, watu hawapigwi. Watoto huuelewa mpaka huo haraka kuliko tunavyodhani.

Kuhusu aibu mbele ya wenzako: nakuhakikishia nusu ya wamama waliokutazama walikuwa wanawaza watoto wao, si wako.

Umeuliza inatibu nini. Haitibu saratani. Chembe za saratani ya damu hazijui kama mtoto amecheza au hakucheza. Zinauawa na dawa, na dawa hizo kwa aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi huchukua kati ya miaka 2 na 3 kukamilika. Mtu akikuambia kuna mchezo, maombi au mizizi inayochukua nafasi ya dripu, mkimbie. Kinachotibiwa kwa mchezo ni hofu, upweke, hasira, na ile hali ya mtoto kujisikia ni kifurushi kinachobebwa huku na huku. Na kwa kuwa safari yenu ni ya miaka, hofu si jambo dogo: mtoto anayepanda basi la Dar akitetemeka kila mzunguko wa dawa humchosha mama, na mama aliyechoka ana siku atakayosema basi.

Nikutofautishie pia mambo matatu, kwa sababu wodini yote huitwa "michezo". Kuna michezo ya kupitisha muda: mpira wa soksi, kuchora, katuni. Nzuri, kila mtu anaweza kuisimamia. Kuna michezo ya kumwandaa mtoto kwa kipimo au dawa, kama hiyo ya mdoli na bomba. Huyo anayeifanya anahitaji mafunzo kiasi, na wauguzi wengi wanaweza kuyapata. Halafu kuna tiba ya mchezo yenyewe, ambapo mtaalamu aliyesomea hukutana na mtoto mmoja kwa saa na siku zilizopangwa, na mtoto ndiye anayeongoza. Msingi wa namna hii ya kumfuata mtoto uliwekwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Virginia Axline, katika miaka ya 1940, na mpaka leo wanafunzi husomeshwa kwake: usimharakishe mtoto, usimwongoze, mkubali alivyo, weka mipaka michache tu. Upande wa hospitali, mwalimu aliyezaliwa Vienna, Emma Plank, alianzisha huduma ya namna hii Cleveland mwaka 1955, akiwa anafundisha madaktari kwamba mtoto aliyelazwa bado ni mtoto.

Kwetu haikuja juzi. Eldoret, katika hospitali ya rufaa ya Moi, kuna kituo cha watoto cha Sally Test ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na watu ambao kazi yao ni michezo na maandalizi ya watoto waliolazwa. Hapa Dar, watoto wenye saratani walikuwa wakitibiwa Ocean Road pamoja na watu wazima. Kuanzia 2011 wakahamishiwa Muhimbili kwenye wodi yao, ambako shirika la Tumaini la Maisha linasaidia matibabu, na huko darasa la wodini na michezo vimekuwa sehemu ya siku ya mtoto. Mionzi bado ni Ocean Road. Kwa hiyo unayoyaona pale hayakuletwa ili kuwafurahisha wageni wanaokuja kupiga picha.

Naomba nikae kidogo kwenye sindano, maana mchezo wa Baraka unatuambia shida yake iko hapo.

Mwanzoni mwa kazi yangu, kwenye wodi ambayo sitaitaja, nilishuhudia mtoto wa miaka 4 akishikwa na watu wazima wanne ili awekewe kanula, ule mrija mdogo wa mshipani wa kupitishia dawa. Mmoja miguu, wawili mikono, mmoja kichwa. Mama yake ndiye aliyepewa kichwa. Sindano yenyewe ilichukua chini ya dakika, lakini mtoto yule alianza kulia tangu mlangoni kwa miezi iliyofuata, na mama yake akimkaribia akiwa na mtu mwenye koti jeupe, alimpiga mama. Hakumpiga nesi. Alimpiga aliyemshika kichwa. Tangu siku hiyo sina subira na ule usemi wa "shikeni vizuri tumalize".

Kuna njia nyingine, nayo haigharimu kitu. Muulize nesi kama Baraka anaweza kuwekewa kanula akiwa amekaa mapajani mwako, kifua kwa kifua, miguu yake imekuzunguka kiunoni, mkono mmoja umetolewa pembeni. Umemkumbatia, na kwa kumkumbatia umemtuliza asirushe mwili. Muuguzi anapata mkono uliotulia na mtoto anapata mama. Si kila kipimo kinawezekana hivyo. Sindano ya mgongo ina mkao wake, na hapo mtoto lazima ajikunje kama kambakochi, lakini hata hapo uso wako unaweza kuwa mbele ya uso wake.

Mpe kazi ya mdomo. Kupuliza ndiyo dawa yangu ninayoipenda kuliko zote: mapovu ya sabuni, kijifeni cha karatasi, au vidole vyako vitano vikiwa mishumaa anayoizima kimoja kimoja taratibu. Anayepuliza pumzi ndefu hawezi wakati huo huo kubana pumzi na kukaza misuli. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa 2018 kuhusu watoto na sindano yalionyesha kwamba kumhamisha mtoto mawazo na kumpa mazoezi ya kupumua hupunguza maumivu na hofu. Mapovu unatengeneza kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji, na kitanzi cha waya.

Mpe na uamuzi, lakini wa kweli. Usimuulize "uko tayari?" kama akisema hapana atachomwa tu. Muulize: "Mkono wa kulia au wa kushoto? Utahesabu wewe au nihesabu mimi? Utaangalia au utatazama mapovu?" Na usimwambie haitauma. Mwambie: "Itauma kidogo kama kung'atwa na siafu, nitahesabu mpaka kumi, halafu basi." Neno lako likishakuwa la uongo mara moja, mara ya pili utalipia wewe na mtu wa maabara kwa pamoja. Lini umwambie? Kwa umri wake, jioni ya kuamkia au asubuhi ile. Ukimwambia wiki moja kabla, umempa wiki nzima ya kuchomwa.

Jambo jingine la kuwaomba wauguzi, kwa adabu: kama kuna chumba cha vipimo, achomwe huko, asichomwe kitandani kwake, na kamwe isiwe chumba cha michezo. Mtoto anahitaji mahali pawili anapoweza kufumba macho bila kusikiliza nyayo za watu.

Halafu umruhusu mdoli apitie yote haya kwanza. Mdoli akae mapajani mwa Baraka, kifua kwa kifua. Mdoli achague mkono. Mdoli apulize. Mchezo huo wa mdoli ndio utakaobadilisha mchezo wake bila wewe kumwambia "usimpige", kwa sababu umemwonyesha kwamba kuna namna nyingine ya kuchoma sindano. Usiulete kwa nguvu. Ufanye siku moja pembeni, na mdoli wako mwenyewe uliomfunga kwa kipande cha khanga, kimya kimya. Ataona.

Sasa baba yake. Simlaumu. Yeye yuko Kahama, analala na simu, anatuma hela ambayo hana, na kila akipiga anasikia kelele za watoto wanacheka. Mtu aliye mbali hapendi kusikia kicheko mahali alipodhani pana mapambano. Usimpe mhadhara kuhusu haki ya mtoto ya kucheza, ingawa ipo, Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto. Sijawahi kuona baba aliyebadilika kwa kusomewa ibara. Mwambie namba nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana kama 400,000 hupata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya 80 katika 100 hupona, kwenye nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu ni nyingi, kuchelewa kugunduliwa, dawa kukosekana, na mojawapo ni matibabu kukatishwa njiani: familia inarudi nyumbani mtoto akipata nafuu na hairudi tena. Mimi siwezi kumwahidi kwamba mchezo utamfanya mwanawe apone. Ninachoweza kumwambia ni kwamba nimewaona watoto wakikubali kurudi kwa sababu kuna gari lao la boksi la maziwa walilolipaki chini ya meza ya chumba cha michezo.

Na umpe baba kazi. Anajua kutengeneza gari la waya? Atengeneze, lisubiri Baraka kwenye ruhusa ijayo. Jioni akipiga simu asianze na "umekula? umetapika?" Aanze na "Kitendawili!" mtoto ajibu "Tega!" Vitendawili viwili kwa siku, na cha tatu abaki nacho mtoto mpaka kesho. Nimeona baba aliyekuwa hana la kuzungumza na mwanawe akawa anatafuta vitendawili kijiweni mchana kutwa.

Nyumbani. Unasema kule hakuna midoli wala mtaalamu. Midoli tumeshaimaliza: khanga iliyochakaa, soksi, gunzi la mahindi. Bomba la sindano uombe jipya wodini, lisilo na sindano, na glavu na kipande cha mrija wa dripu ambacho hakijatumika. Usiokote chochote kilichokwisha kumgusa mgonjwa. Mtaalamu huhitaji kwa kazi hii ninayokupa: dakika 20 kila siku, saa ile ile ikiwezekana, simu imezimwa, wewe umekaa chini. Baraka anachagua cha kucheza. Wewe humfundishi. Hilo ndilo litakushinda siku za mwanzo, kwa sababu sisi wakubwa mchezo tunaugeuza mtihani: "Hii rangi gani? Hesabu hizi. Mbona mdoli hana miguu?" Nyamaza kidogo. Sema tu unachokiona: "Naona mdoli amelazwa tena." "Leo daktari ana haraka." Akikaa kimya, kaa naye kimya. Dakika 20 zikibaki mbili mwambie zimebaki mbili. Zikiisha, zimeisha.

Nje ya hizo dakika, acheze na wenzake kama kawaida, ila kwa tahadhari ambazo daktari wake atakupa kulingana na vipimo vya damu. Dawa za kemo, yaani hizo za kuua saratani, hushusha kinga na pia chembe sahani zinazogandisha damu. Zikiwa chini, kombolela, kupanda mwembe na kurushiana mpira wa rede havifai. Kuanguka kidogo kunaweza kuleta damu isiyokatika. Hapo ndipo pa bao, hadithi, kuchora kwa mkaa kwenye boksi, na ukuti ukuti ya kukaa. Watoto wenye mafua, surua au tetekuwanga wasije kabisa. Midoli ya plastiki ioshwe kwa sabuni na kuanikwa. Wa kitambaa awe wake peke yake na afuliwe kila wiki, tena Baraka mwenyewe amfue, atafurahi kumwona mdoli amelowa. Na joto la mwili likifika 38, au namba yoyote waliyokupa wodini, mchezo umekwisha: ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama anaonekana mchangamfu. Usisubiri asubuhi, na usimpe panadol kwanza "tuone".

Kuna dawa mojawapo ya saratani ya damu, vinkristini, ambayo kwa watoto wengine hulegeza vidole na vifundo vya miguu. Utaona kalamu inamponyoka, au miguu inaburura vidole akitembea. Mweleze daktari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakupa mazoezi, na mtoto atayachukia. Basi yafiche ndani ya mdako: kurusha kokoto na kuchomoa nyingine shimoni ni zoezi la vidole ambalo bibi zetu walilimaliza zamani. Kupanga vizibo vya soda, kuchambua mchele, kushona shanga kubwa. Kwa miguu, achore ardhini kwa vidole vya miguu akiwa amekaa kwenye kigoda.

Na wiki za vidonge vya steroidi, ambavyo ni sehemu ya dawa zake, usishangae: atakula kama aliyetoka mfungo, uso utavimba, na hasira zitakuja bila taarifa. Michezo ya wiki hizo iwe mifupi na isiwe na mshindi. Sijui ni nani aliyewahi kufaidika kwa kumshinda mtoto wa steroidi kwenye karata.

Wenzake wa mtaani watauliza kuhusu kichwa kisicho na nywele. Mwandae kabla hujafika. Mcheze mtaa: wewe uwe mtoto mkorofi, umwambie "eh, kipara!" na yeye ajaribu majibu. Mmoja wa wagonjwa wangu alichagua kujibu, "Nywele zimeenda likizo," akalirudia mpaka likawa lake. Ndugu zake nao uwahusishe kwenye mchezo wa hospitali. Wao pia wamepotewa na mama miezi mitatu, na mara nyingi wanadhani saratani inaambukiza.

Siku Baraka akiacha kucheza ghafla, fikiria mwili kabla ya moyo. Nimefundishwa hilo na madaktari na nimelishuhudia: mtoto aliyekuwa anacheza jana na leo amejikunja anaangalia ukuta, mara nyingi ana maumivu, homa inaanza, hajapata choo siku nne, au ana vidonda mdomoni. Mwambie nesi, "leo hajacheza," kwa uzito ule ule unaosema "leo hajala". Nesi mzuri ataandika.

Hukuniuliza hili, lakini utalikuta, kwa hiyo nakuachia. Kwenye wodi kama ile ipo asubuhi kitanda cha jirani kitakuwa kitupu. Wakubwa watasema "ameruhusiwa" au "amesafiri", na watoto watanyamaza, halafu mchana mmoja wao atamfunika mdoli kwa shuka mpaka usoni. Usimnyang'anye. Usipige kelele ya "tunaomba Mungu aepushie". Kaa. Akikuuliza kama rafiki yake amekufa, na kweli amekufa, sema ndiyo, na sema kwamba ugonjwa wa yule haukukubali dawa na madaktari walijaribu. Usiseme "amelala", utamnyima usingizi. Akiuliza "na mimi je?", muulize kwanza anachowaza yeye, kisha mwambie kilicho kweli leo: "Dawa zako zinafanya kazi, tunaendelea nazo, na mimi sikuachi." Wazazi wengi hudhani mtoto asiyezungumzia kifo hakijui. Nimeshaona makaburi mengi mno ya midoli kwenye mchanga wa uani, siwezi kuamini hivyo.

Kuna swali la mwisho ambalo limejificha kwenye barua yako: utafanya nini siku akikugeukia na lile bomba na kukuambia wewe ndiye mgonjwa? Maana atakuja. Wanaomchoma mdoli kwa muda mrefu huishia kumchoma mama. Kunja mkono wa blauzi, mpe mkono. Kisha msogelee sikioni umuulize kwa sauti ndogo, kama mwigizaji anayemuuliza mwenye igizo: "Nilie au nisilie?" Fanya atakavyokuambia. Akisema lia, lia kweli, na uendelee kulia mpaka atakapokuambia inatosha.